Huyu Muntu ya ku Carte ni Baba ya Nani?

Siku ya Mungu, 6 juillet 2025

Ay! Nyumba yangu leo imegeuka sawa fasi ya kilio, na hakuna mwenye kufa.

Leo njo ilikuwa présentation ya Fortunée, mujikulu yangu, mutoto ya binti yangu Marlène. Bantu ya Rolly, mwenye kutaka kumuoa, balikuya bamevaa, bananukia savon, bakakaa ku salon, bakakula. Rolly ni kijana muzuri, anauzisha pièces ya camion kule Kikula, hana mambo mingi. Yote ilikuwa inatelemuka sawa mafuta. Alafu mi nikafungua kinywa.

Lakini utafunga kinywa namna gani na ile carte iko mbele ya wageni? Carte postale yangu ya zamani, ya rangi, mu cadre ya kioo, juu ya télé. Mwanaume na kabuti murefu, kofia, mukono moya ku vélo, ile baiskeli, nyuma yake maji mukubwa inaanguka. Nikabaambia: uyu njo baba yangu, ku Koni! Munaona bouton ya kabuti, vifungo yake, yote ni myeusi, paka moya tu njo mweupe? Mamba ya mutoni Lufira alikulaka bouton ya baba. Baba akamukamata mu mukia: rudisha! Mamba akameza. Njo mama akashona hii mweupe.

Bakacheka! Jean-Claude, baba mudogo ya Rolly, mwenye kusemea familia yao, fanta ikamutoka mu pua. Paka muntu moya hakucheka. Nkambo ya Rolly, mwenye kuzaa muzazi yake, mama Clotilde. Mudogo wa mwili, lunettes ya macho yenye imefungwa na uzi. Akasimama, akaenda karibu na télé, akagusa kioo na kidole.

— Baba yangu anafanya nini ku mur yenu?

Nikafikiri ni mchezo. Nikajibu: analinda télé, siku hizi bezi banaiba mingi! Hakuna mwenye kucheka.

Akasema ile bouton mweupe alishonaka mama yake, ku Panda, alimuonyeshaka mpaka na sindano. Kwao kulikuwaka foto ya baba na kabuti ile ile. Nyumba ikaungua, foto ikaenda na nyumba. Hakuonaka sura yake tena tangu utoto. Paka leo, juu ya télé yangu. Akanigeukia.

— Kama ni baba yako, basi weye ni ndugu yangu.

Hapo Jean-Claude akapanguza pua, akaanza kuhesabu na vidole. Mi na Clotilde ndugu. Batoto yetu ndugu. Fortunée na Rolly... Akaangalia vidole yake sawa vile ilikuwa ya muntu mwingine. Akasema: kijila! Huwezi kuoza mutoto kwa ndugu yake. Akatupa wiki mbili. Tutafute mwanzo ya ile carte. Siku ya Mungu tarehe 20 batarudi, na muzee Damas — njo minye — atasema mbele ya bote: ni baba yake, ao hapana.

Bakaenda. Kuku ikabakia nusu. Fortunée hakulia. Njo mubaya zaidi.


Siku ya kwanza, 7 juillet

Fortunée hasemi na minye. Anaweka chai, anaenda. Chai haina sukari. Ni makusudi.

Naangalia carte. Nauliza kichwa yangu: nani alikuambiaka ni baba yako? Mama. Alisema nini, neno kwa neno? Alikuwa na ile homa yenye ilimumaliza. Akanipa carte. Akasema: chunga uyu. Bassi!

Baba mi sikumuonaka na macho. Mama alisemaka tu: alikwenda ku kazi ya barrage, ile ya kufunga mutoni. Sasa mutoto akipewa mwanaume wa kuchunga, atamuita nani? Jirani? Nikamuita baba. Kila asubuyi namusalimia. Hakunijibuka ata siku moya. Sawa sawa na baba ya kweli!

Lakini mama alisema "baba yako" ao hakusema? Leo nasikia amesema. Saa ingine nasikia hakusema. Kichwa yangu iko sawa poste ya radio pa mvua.


Siku ya tatu, 9 juillet

Rolly alipita mulango ya nyuma, sawa mwizi ya kuku. Anasema, nkambo, nimekuya kukusalimia. Bongo, anadanganya! Macho yake ilikuwa ku cuisine, kwa Fortunée. Nikamuambia ukae mbali, mbele tuyue kama ni muke yako ao dada yako. Hakucheka. Fortunée akaangusha kifuniko ya sufuria. Hapana mchezo muzuri, naona. Lakini neno ilishatoka mu kinywa.

Tukatoa carte mu cadre. Mara ya kwanza! Nyuma hakuna jina, hakuna stampi, hakuna mwenye kuandika kintu. Paka kifaransa kidogo kya imprimerie. Rolly akasoma: "Katanga. Les chutes à Koni", maji yenye kuanguka ku Koni. Nikamuambia: nilikuwa nayua, nilitaka kuona kama weye unayua kusoma.

Anasema: twende Koni basi, nkambo.

Hapana. Weye njo mwenye kesi. Nitaenda mi. Minye Damas, train ya Likasi haikutokaka gare bila kuniangalia usoni! (Kweli, nilikuwa nashikilia drapeau ya kuruhusu train. Drapeau njo kila kintu.)


Siku ya tano, 11 juillet

Mifupa yote inalia. Moto, ile pikipiki, kwenda, moto kurudi, baridi ya juillet mu meno, vumbi ya macamion mu fasi ingine yote. Na juu ya kichwa fil ya courant, ya umeme, inanifuata njia nzima. Courant inatoka Koni, inapita juu yetu sawa mukubwa wa chefferie, haisalimii muntu. Kwetu Likasi jana tulikula na mwangaza ya bougie.

Ku usine ya courant, ku barrage, sikuingia, mulinzi hakutaka. Nikamuambia baba yangu alijenga hii kintu. Akasema: baba ya kila muntu alijenga hii kintu, muzee, rudi nyuma.

Nikakuta muzee moya chini, karibu na mutoni, anatengeneza nyavu. Jina yake Bertin. Nikamupa carte. Akaiangalia, akapiga kelele:

— Eh! Mujomba yangu!

Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nikakohoa. Batatu sasa benye kumudai! Nikamuuliza unamuyua na nini? Na kabuti, anasema. Mujomba alikuwaka na foto na ile kabuti, na bouton moya mweupe, juu alipigana na muntu ku bar. Kwangu mamba, kwa Clotilde sindano, kwake bar. Ile bouton imeona dunia kuliko minye!

Alafu Bertin akapanguza mikono. Akaweka carte karibu na pua.

— Lakini hii maji haiko yetu. Mi nalala na maji yetu, naamuka nayo. Angalia. Maji gani iko na alama ya kukunjwa?

Nikaangalia. Nikavua lunettes, nikavaa, nikaangalia tena. Mungu wangu. Katikati ya maji inapita mustari, juu mpaka chini, sawa drap ya kitanda yenye imetoka mu valise. Na pneu ya vélo inakanyaga tapis ya nyumba!

Kitambaa. Maji ya rangi, ya kupakwa ku kitambaa. Maisha yangu yote nabashindilia bantu sifa ya maji ya nguo. Ata mbuzi haiwezi kunywa pale.

Bertin anasema maji ya namna ile ilikuwaka ya bafotografe ya cité. Nitafute kwa Elie, pa Kikula. Elie alishakufa, lakini mutoto yake iko.

Nikamuuliza tena, mbele ya kupanda moto: na mujomba yako? Akarudia nyavu yake. Akasema: mujomba ni mujomba, maji ikuwe ya nguo, ikuwe ya mvua.


Siku ya posho, 12 juillet

Mama Clotilde alikuya peke yake. Na samaki ya kukausha ya ziwa Tshangalele, imefungwa mu gazeti. Nikafikiri ni vita. Hapana. Akakaa mbele ya carte, akaitengenezea cadre, akapanguza vumbi na kitenge yake. Alafu akauliza mwaka yangu ya kuzaliwa. Nikasema.

— Basi weye njo ndugu mukubwa. Nitakuita yaya.

Nikamuambia: mama, polepole, kesi haijakatwa. Akasema yeye ni muzee, hana wakati ya kungojea kesi. Bandugu yake bote balishakwenda, wa mwisho alimuzika mwaka jana. Anasema muntu akibakia peke yake, hakuna tena mwenye kumukemea. Batoto banamuheshimu tu. Heshima inachokesha.

Baba yake alikwenda ku kazi ya barrage, yeye alikuwa anatambaa. Hakurudi.

Ku kazi ya barrage! Neno ile ile ya mama yangu. Lakini wakati ile, baba ya nani hakuenda ku barrage?

Nikamuambia ile ya mamba, yote, tangu mwanzo, na kipande ya mupya nimeongeza. Akacheka mpaka lunettes ikaanguka, uzi ikakatika.

— Bongo! Mamba hana vidole ya kufungua bouton!

Hana vidole, nikamuambia, lakini iko na muke. Akanipiga na gazeti ya samaki. Hakuna muntu alinipiga namna ile tangu muke yangu alikufa.

Alipoenda nyumba ikakuwa mukubwa. Siyui. Siyui kabisa.


Siku ya pili, 15 juillet

Godefroid, mutoto ya Elie. Iko na chumba kidogo pa Kikula, anapiga bafoto ya passeport na ya deuil, ya kilio. Nikamuwekea carte ku meza. Hakuangalia ata sana. Akafungua malle, sanduku yake, akatoa kabuti!

Ile ile. Murefu, inanukia panya na naphtaline. Bouton mweupe fasi yake.

Anasema kabuti ilikuwa ya baba yake, ya kuazimisha. Zamani ile kila mwanaume alitaka foto ya kutuma mugini, na kila mwanaume alikuwa na shati moya ya kazi. Elie alinunua kabuti kwa musungu moya, pamoya na kofia na vélo. Vélo haikuwa ata na chaîne. Muntu anavaa, anasimama mbele ya maji ya Koni, paf! anavua, mwingine anavaa. Mugini yote ya Katanga ilikuwa na tajiri moya na kabuti moya. Ile bouton? Mama ya Godefroid njo alishonaka. Mweupe, sababu myeusi haikukuwa ku soko. Bassi. Hakuna mamba.

Akanionyesha bafoto yenye hakuna mwenye alikuya kukamata. Carton nzima. Barefu, bafupi, benye ndevu, bote kabuti moya. Na carte? Anasema musungu wa duka alichagua foto moya ya Elie, akaifanya carte ya kuuzisha. Foto ya nani? Elie hakuulizaka jina. Aliuliza tu: umesimama muzuri?

Nikamuambia: basi muntu ya ku carte anaweza kuwa nani yote. Ndiyo, anasema. Basi anaweza asikuwe baba yangu. Ndiyo. Anaweza akuwe? Ndiyo! Uyu Godefroid anajibu "ndiyo" sawa mbuzi.

Alafu akasema: vaa, muzee. Nikavaa. Kofia ya baba yake pia, chini mpaka nyusi. Akanipiga foto, akaitoa ku machine yake, akanipa. Nikaangalia.

Ay mama. Ni yeye! Muntu ya ku carte mwenyewe, paka amezeeka. Ile taya, ile namna ya kusimama sawa mwenye kudai.

Ni damu ao ni kabuti?


Siku ya ine, 17 juillet

Nimefanya mayele ya ujanja, mayele ikanifanya.

Nikaenda kwa Clotilde, ku Panda. Nikasema nitaweka foto yangu ku meza bila neno. Akisema "ni weye, yaya, umevaa nini ile?", basi tutacheka, nitamueleza kabuti, kesi itakwisha polepole.

Akakamata foto na mikono mbili. Akaipeleka ku dirisha.

— Baba! Kumbe alizeekaka!

Nikafungua kinywa. Hakuna kintu ikatoka. Mi! Damas!

Anasema maisha yake yote alifikiri baba alikufa kijana, ku maji, ku mawe, fasi yenye hakuna mwenye kumufunga macho. Kumbe alizeeka! Angalia ndevu mweupe. Angalia, alikula, alilala, alipata kabuti yake ata mu buzee. Akaniuliza nilitoa wapi. Nikasema: Kikula. Njo kweli. Kweli moya ndogo, sawa chumvi mu mutoni.

Akaweka foto mu Biblia. Akanipikia bukari. Nikakula yote, juu nilikosa kazi ingine ya kufanyisha kinywa.


Siku ya tano, 18 juillet

Fortunée amesema na minye. Aliweka chai, akakaa. Kulikuwa na sukari.

Nikamuelezea yote ya kabuti. Ya foto yangu na Clotilde, hapana. Macho yake ikafunguka: basi, nkambo, imekwisha! Godefroid akuye na kabuti, bantu bote baone! Nikamuambia Godefroid atakuya. Lakini kabuti inasema tu kama anaweza asikuwe baba yangu. Haisemi si yeye. Jean-Claude anataka neno yangu, hapana ya kabuti.

Akazungusha kijiko.

— Nkambo, maisha yote unatuambia bongo ya bure. Sikukuombaka ata moya. Siku ya Mungu nakuomba hii tu. Sema si baba yako. Ata kama ni bongo.

Nikamuambia ndiyo.

Lakini ya bongo ni ipi? Nikisema si baba yangu, siyui. Nikisema ni baba yangu, siyui. Mi mwenye nilidanganya chef ya gare, padiri na bakwe bote! Leo natafuta bongo, siioni, juu siyui kweli iko wapi ya kuikimbia.

Asubuyi sikumusalimia wa ku carte. Tukaangaliana tu.


Siku ya Mungu, 20 juillet

Naandika mu chumba, agenda ku goti. Beko ku salon bote. Nimesema nakwenda kutafuta lunettes. Lunettes iko ku kichwa yangu.

Jean-Claude hakutaka ata kula. Anasema mbele neno, nyuma kuku. Rolly iko na shati mupya, jasho mupya. Marlène anaomba Mungu mu cuisine, na sauti, Mungu asikie na bageni basikie. Godefroid iko inje, ku lupango, na kabuti mu sachet. Anangojea nimuite. Sijamuita.

Clotilde alifika wa kwanza. Akakaa chini ya carte, sawa ni kiti yake. Akafungua Biblia, akatoa foto, akamupa Fortunée, wa karibu naye. Akamuambia: angalia nkambo yenu, mutoto, angalia alizeeka muzuri.

Fortunée ananiyua na kabuti, bila kabuti, ata gizani. Akaangalia foto. Akainua macho, akaniangalia. Murefu. Neno moya tu angesema, na leo jioni tungekuwa tunacheza ngoma.

Hakusema. Akarudisha foto kwa Clotilde, na mikono mbili, sawa vile tunarudisha mutoto mwenye amelala.

Juu ya nini? Mutoto, juu ya nini? Siyui tena kintu.

Njo hapo Jean-Claude akasimama: muzee Damas, tumengoja wiki mbili. Ni baba yako ao hapana? Na mi nikatafuta lunettes.

Hapa ku chumba nimejaribu. Si baba yangu. Tena, na sauti: si baba yangu. Inatoka muzuri. Si ngumu. Nitaingia, nitasema, nitamuita Godefroid, Fortunée ataolewa, na ule wa ku carte atabakia muntu wa kabuti, wa mama yeyote. Si baba yangu. Si baba—

Muntu anapiga ku mulango. Clotilde. Sauti yake ndogo, karibu na kitasa, bengine basisikie:

— Yaya?

Kinywa yangu imeshaitika.